Kezilahabi hakuwa mkana Mungu: tuzisome riwaya zake sita kama safari moja

Msomaji wa Kimara (mleta uzi)

Wakuu, heri ya Jumapili.

Kila ninapomtaja Euphrase Kezilahabi mbele ya watu wa dini, iwe nje ya kanisa baada ya misa au kwenye kikao cha harusi, jibu ni lile lile: "Yule si alikuwa haamini Mungu?" Nikimtaja mbele ya vijana wanaojiita wenye fikra huru, jibu ni hilo hilo, ila wao hulitoa kwa furaha. Kambi zote mbili zimemsoma mpaka Kichwamaji, riwaya yake ya pili, zikafunga kitabu. Naleta uzi huu kusema kwamba tumemdhulumu. Huyu ni mtu aliyetafuta kwa miaka ishirini, hadharani, kwa Kiswahili, na riwaya zake sita ni hatua za msako mmoja. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atarudi jioni.

Tuanze na alikotoka. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, Mwanza. Seminari, wakuu, si shule tu. Ni kengele alfajiri, sala kabla ya chai, Kilatini, saa za kukaa kimya, na kabla ya kulala unaitazama dhamiri yako na kujiuliza leo nimekosea wapi. Kijana aliyelelewa hivyo anaweza kuiacha njia ya upadre, lakini lile zoea la kujihoji halimwachi.

Mwaka 1967 akaingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Chuo kizima kinazungumza ubeberu na ukombozi, nani amiliki nini. Miaka hiyo hiyo Walter Rodney alifundisha historia pale kilimani. Swali la siku lilikuwa tujenge nchi ya namna gani. Kijana wa Ukerewe alilisikia, tena baadaye akaliandikia riwaya, lakini alibaki na swali lake mwenyewe lililokwenda chini zaidi: mtu anaishi kwa ajili ya nini?

Rosa Mistika ikatoka 1971. Jina lenyewe limetolewa kwenye Litania ya Bikira Maria, ile tunayoiimba mwezi wa Mei na Oktoba. Wengi wanaikumbuka kama hadithi ya binti aliyeharibika, na kwa sababu ya mambo yake ya chumbani ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada. Mimi naomba muutazame mwisho wake. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume wote, akifika mahali ambapo baba hayupo hajui kujilinda, anaporomoka. Charles aliyemwahidi ndoa anamkataa. Rosa anajiua. Riwaya nyingine yoyote ya wakati ule ingeishia kaburini na onyo kwa mabinti. Kezilahabi anaendelea: baba na binti wanasimamishwa mbele ya Mungu na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Ameona kesi hii binadamu hawakuiamua kwa haki, akaipandisha mahakama ya juu. Mtu asiyemjali Mungu hana haja ya kufungua kesi kwake.

Halafu 1974 ikaja Kichwamaji, na hapo ndipo sifa mbaya ilipoanzia. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani Ukerewe. Amesoma, na kusoma kumemvua imani ya wazazi bila kumpa nguo nyingine. Hasimu yake Manase ni mkuu wa wilaya. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, Rukia anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, kwa nia ya kulipiza kisasi, anaishia kumpenda na kumwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, kama wa Manase alivyokuwa, kwa ugonjwa ambao baba zao waliuzoa ujanani. Kazimoto anajiua.

Kitabu kinauma. Lakini someni jinsi Kazimoto anavyomhoji Mungu, kurasa kwa kurasa, na kila mtu anayekutana naye anamrudisha kwenye swali lile lile. Kama kweli jambo lingekuwa limeshakwisha moyoni mwake, angelala usingizi. Hakulala.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) nitazipita haraka. Ni riwaya za ujamaa kuliko za roho, ingawa Tumaini wa ile ya kwanza, anayeishia kunyongwa, naye anakufa akiwa hajaona maana ya vurugu aliyoiishi.

Baada ya hapo anakaa kimya muda mrefu upande wa riwaya. Anakwenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 anamaliza udaktari wake kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha vinatoka vitabu viwili vyembamba, kimoja kimoja hakifiki kurasa mia: Nagona (1990) na Mzingile (1991). Wengi walivifungua, wakakuta havina Mwanza wala Morogoro, havina mkuu wa wilaya, msimulizi hana hata jina, wakavirudisha rafuni.

Ndani ya hivyo vitabu viwili ndimo kuna jibu la Kazimoto. Naweka nukta hapa kwanza, nitaendelea chini.

Kipepeo wa Mbagala

Nipo siti ya mbele. Shusha, mkuu.

Bint Gerezani

Mleta uzi umeandika vizuri, hongera. Nina neno.

Umesema msako. Nani anatafuta? Kazimoto anatafuta, msimulizi wa Nagona anatafuta. Wanawake wao wanalipa gharama. Rukia anakufa kwa mimba ya mtu mwingine anayejitafuta. Sabina anaingizwa kwenye ndoa kupitia mlango wa kisasi. Rosa anakufa kwa ubikira ambao wanaume wote wa riwaya wanauzungumzia kama mali yao. Nimeisoma Rosa Mistika nikiwa kidato cha tatu, tukiwa tumekaa wasichana wanne kwenye dawati la watu wawili, na hakuna kati yetu aliyekiona kitabu cha dini pale. Tuliona nyumba zetu. Kila mmoja alimjua Zakaria wake.

Kwa hiyo unaposema "msako wa Mungu," mimi nauliza kama huyo Mungu anatafutwa kwa niaba ya Rosa pia, au Rosa ni mfano tu wa kuanzia mjadala wa wasomi.

Msomaji wa Kimara

Dada Bint Gerezani, swali hilo ni zito na sitalipita juu juu.

Nakubali kwamba kuanzia Kichwamaji mtafutaji ni mwanaume, na wanawake wamewekwa pembeni ya barabara anayopita. Hilo lipo, sitalitetea. Lakini angalia kwamba katika riwaya zote sita, mtu anayefika mbele ya Mungu akiwa na malalamiko yake, akapewa nafasi ya kuyasema, ni Rosa. Kazimoto msomi hakuipata nafasi hiyo. Kazimoto anajibiwa na ukimya. Msichana aliyehukumiwa na kijiji, shule, chuo na mchumba ndiye aliyefunguliwa mahakama. Mwandishi wa miaka ishirini na saba anayeandika hivyo mwaka 1971, katika jamii iliyokuwa inasema aliyejiua asisomewe hata ibada, alikuwa amefanya jambo kubwa kwa ajili ya Rosa.

Na mwisho wa Mzingile, baada ya dunia kuteketea, msimulizi hajengi upya peke yake. Anakutana na mwanamke na uhai unaanza nao wawili.

Bint Gerezani

La mahakama nalipokea, sikuwahi kulitazama hivyo. La Mzingile bado. Mwanamke anayetokea kurasa za mwisho ili dunia izaliwe upya, huyo ni Hawa yule yule tuliyemzoea. Ningependa kumsikia akizungumza habari za njia aliyopita yeye kufika pale. Naye alinusurika moto, na mtu aliyenusurika moto ana habari.

Ustadhi wa Tandika

Assalaam alaykum nyote, na wasiokuwa Waislamu amani kwenu.

Mimi nimesoma vitabu vyote viwili vya mwisho, Nagona mara kadhaa. Nilivyosikia kuna padre na mambo ya Mkombozi wa Pili nilidhani havinihusu. Nilipovisoma nikakuta ni watu wa kwetu kabisa. Mtu anatoka, anatembea peke yake, anapita mji wa ukimya, anakutana na wazee wanaomjibu kwa mafumbo, anachokitafuta kinamwonekea na kumkwepa. Mwisho kuna Ngoma Kuu, ambamo kila kitu kinazunguka pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye halka ya zikiri, duara la kumtaja Mungu kwa pamoja, usiku wa Alhamisi ataielewa ile ngoma bila kufundishwa. Unafika mahali hujui pumzi hii ni yako au ya jirani yako.

Lakini nina tofauti na mleta uzi. Watu wanazungumza kana kwamba kutafuta huku kumeanza na wasomi wa Mlimani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga utenzi wa Al-Inkishafi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Amesimama mbele ya majumba yaliyobomoka, yale yaliyokuwa na taa na mapambo, sasa popo na ndege wamefanya makao, na hasemi na watu, anasema na moyo wake mwenyewe, anaukaripia. Mnataka msako wa roho kwa Kiswahili? Ule pale. Kezilahabi ameingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, hata kama alipitia mlango wa nyuma.

La pili. Kwetu tunafundishwa kwamba njia hii haiendwi bila mwongozo. Murid, yaani mwanafunzi wa njia, ana sheikh wake. Kazimoto alimkosa nani? Alimkosa mtu wa kumwambia, "Hapo ulipofika wengine walishapita, usiogope, tembea." Alikuwa na vitabu na marafiki wa bia. Ndiyo maana alianguka. Nasema hivi kwa huzuni kwa sababu hapa mjini nimewaona kina Kazimoto wengi, vijana wenye akili kweli kweli, wanauliza swali msikitini au kanisani wanaambiwa wanyamaze, hawaulizi tena.

Msomaji wa Kimara

Ustadhi, wa alaykum salaam. Hili la Al-Inkishafi nashukuru umelileta, na nadhani linaimarisha hoja yangu. Sayyid Abdalla anauliza majumba ya Pate, Kezilahabi anauliza vitabu vya Ulaya. Ndani ya Nagona wanapita akina Plato, Hegel, Darwin, Marx, Nietzsche, Freud. Magofu mapya hayo. Walijenga majumba makubwa ya mawazo, msimulizi anapita katikati yao anagonga milango, na hakuna jengo analoweza kuhamia moja kwa moja.

Na la mwongozo pia: ndani ya Nagona kuna wazee na kuna wendawazimu, na wendawazimu ndio wenye kuujua ukweli zaidi. Msimulizi si mpweke kama Kazimoto. Tofauti ya 1974 na 1990 ni hiyo hiyo uliyoitaja. Kazimoto alikaa na swali mpaka likamuua. Huyu wa pili amelibeba akaondoka nalo.

Fikra Huru TZ

Mleta uzi, kwa heshima zote, naona unambatiza marehemu kwa nguvu.

Twende kwenye maandishi. Katika Mzingile msimulizi anatumwa kwa mzee Kakulu kumpa habari kwamba mwanawe amefariki. Huyo mzee ni nani? Kila mchambuzi anaona ni Mungu. Mwana aliyekufa ni nani? Hata mtoto wa katekisimu anajua. Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1882 alimwandika mwendawazimu anayeingia sokoni mchana na taa mkononi akitangaza kwamba Mungu amekufa. Kezilahabi alimsoma Nietzsche, ameitumia picha ile na kuiweka Afrika. Baada ya hapo dunia inateketea na watu wanaanza upya bila mzee yeyote wa kuwaambia la kufanya. Hiyo kwangu ni riwaya ya mtu aliyemaliza habari za Mungu na akapata ujasiri wa kusema "tuanze wenyewe." Si aibu kumwacha abaki hivyo. Kwa nini kila mwandishi mkubwa lazima tumrudishe kanisani?

Msomaji wa Kimara

Mkuu Fikra Huru, hoja yako ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupata kwenye mada hii, na sitaki kumrudisha mtu kanisani. Sina ushahidi kwamba alirudi na wala si shida yangu. Nasema alitafuta.

Tulitazame hilo tukio kwa karibu. Mwendawazimu wa Nietzsche anawaendea wauzaji na wanunuzi sokoni. Anawatangazia watu. Msimulizi wa Mzingile anatumwa kwa mzee mwenyewe. Anapanda, anachoka, anaulizia njia, kwa ajili ya kumpa baba habari za msiba wa mwanawe.

Sasa wewe ni Mtanzania. Unajua kupeleka habari za msiba ni nini. Huwezi kumpigia simu mzee ukamtupia tu. Unatafutwa mtu mzima mwenye busara, anafunga safari, akifika anasalimia, anakaa, anaulizwa habari za huko anasema njema, anakunywa maji, ndipo analitoa. Kote huko njiani aliyetumwa anajua kwamba upande wa pili kuna mzazi. Ujumbe wa msiba haupelekwi kwa mtu asiyekuwepo. Kezilahabi amechukua tangazo la Nietzsche, tangazo la sokoni, akaligeuza kuwa heshima ya nyumbani kwetu. Amemwachia mzee nafasi ya kuwa baba. Kama alitaka kusema mbinguni hakuna kitu, hii ilikuwa njia ngumu na ya ajabu ya kulisema.

Sisemi kuwa mzee yule anapatikana anavyotarajiwa. Hapatikani hivyo, na ndiyo maana kitabu kinatisha. Mwenye kusoma akisubiri kumkuta Mungu wa katekisimu juu ya kilima atavunjika moyo. Lakini kati ya "hayupo" na "si huyu tuliyemchora" kuna umbali mkubwa sana, na Kezilahabi ameandika akiwa katikati ya umbali huo.

Fikra Huru TZ

Hiyo ya msiba imenigusa, sikatai. Bado nasimama kwamba dunia mpya ya mwisho haina mzee. Lakini nitaisoma tena nikiwa na hilo kichwani.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, habari za jioni.

Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Dar es Salaam muda wa kutosha, na nashukuru kuona mnamzungumza hivi. Niongeze mambo ambayo vijana huenda hawayajui.

Kezilahabi alipigwa vita kwanza kwa ushairi kabla watu hawajaanza kumpiga kwa imani. Kichomi ilitoka 1974, mwaka mmoja na Kichwamaji, mashairi yasiyo na vina wala mizani. Waliolelewa kwenye utenzi na tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, waliona tusi. Ugomvi ule ulikuwa mkali, magazetini na kwenye makongamano, na wengine waliuingiza kwenye mwenendo wake: huyu asiyeheshimu vina ataheshimu nini? Kwa hiyo mnaposikia "hakuamini Mungu" mjue sehemu ya maneno hayo ilitoka kwa watu waliokasirikia shairi. Kwangu mimi ni jambo moja. Mtu anayehoji anahoji vyote. Alitaka kujua kama ushairi unasimama ukiondoa mizani, na kama maisha yanasimama ukiondoa yale tuliyoambiwa tuyakariri.

La pili ni namna ya kuvisoma vitabu vile viwili. Wanafunzi walikuwa wananijia: "Mwalimu, Nagona ni nani? Inamaanisha nini?" Wanataka jibu la mtihani. Nikawa siwajibu. Baada ya kustaafu, tumekuwa tukikusanyika barazani kwa jirani yangu Tabata, watu wa rika tofauti, tunasoma kwa sauti. Kila mtu ukurasa mmoja, haruhusiwi kufafanua, akimaliza anampa wa pembeni. Kuna mzee fundi cherehani, elimu yake darasa la saba, alikuja kwa ajili ya kahawa. Zamu yake ilipofika alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akakwama mahali, akarudia sentensi mpaka ikakaa sawa. Alipomaliza akasema, "Huyu anasimulia ndoto. Na ndoto mtu akikusimulia humkatizi, unamwacha afike mwisho." Mhadhiri mmoja alikuwepo pale, akabaki anamtazama.

Tangu siku hiyo tunasoma hivyo. Msitafute ufunguo wa kila alama. Pitieni kwanza, alama zitawarudia zenyewe mkiwa kwenye daladala.

Kipepeo wa Mbagala

Shikamoo Mwalimu. Umenifanya nitamani kuirudia Nagona. Niliitupa kurasa za mwanzoni.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Anza na Karibu Ndani, diwani yake ya 1988. Ni mashairi mafupi, na maswali ya Nagona yanachungulia humo kabla ya riwaya yenyewe kutoka.

Mwana wa Bukindo

Wakuu, mimi ni wa Ukerewe, niko Dar kikazi. Kuna jambo hamjaligusa.

Kisiwa kile kimoja kidogo kimetoa watu wawili. Kabla ya Kezilahabi kulikuwa na Aniceti Kitereza, naye alipitia seminari, ile ya Rubya, Bukoba. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakaa na mswada wake miaka na miaka bila mchapishaji, mpaka toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilipotoka hapa Dar es Salaam mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Kitabu chake ni cha ndoa, ugumba, waganga, kilimo, uvuvi, adabu za ukwe. Wazee wa kwetu walivyoishi na Mungu na mizimu kabla ya padre kuja, yote yamo humo, na yameandikwa na Mkristo mcha Mungu bila kuyadharau.

Ninavyoona, Kitereza alihifadhi, Kezilahabi alichimba. Sura za mwanzo za Mzingile, zinazosimulia kuzaliwa kwa Kakulu kwa maajabu, ni ngano tupu. Mtu aliyekulia kule anaisikia sauti ya bibi jikoni, moshi machoni, watoto wamekaa kwenye mkeka wanasubiri. Kwa hiyo msimpeleke Kezilahabi wote kwa Nietzsche. Alipochoka na Ulaya alirudi jikoni kwa bibi kutafuta mahali pa kusimama. Na nadhani ndiyo maana Mungu wake wa mwisho ni mzee wa kijiji anayeishi peke yake, tofauti na yule hakimu wa Rosa Mistika aliyekaa kortini. Kati ya hao wawili, wa pili ndiye anayefanana na wazee ninaowajua.

Msomaji wa Kimara

Mwana wa Bukindo, hiki ndicho nilichokuwa nakikosa. Nilizitazama riwaya sita kama njia ya kutoka seminari kwenda mbele. Wewe umeonyesha ilikuwa pia njia ya kurudi nyumbani. Hakimu wa 1971, ukimya wa 1974, mzee wa 1991. Naomba wachambuzi wa Mlimani waliomo humu waliandikie hili, kwa sababu makala nyingi zinahesabu wanafalsafa wa Kizungu waliomo Nagona na kuipita ile ngano kwa sentensi moja.

Niongeze pia kwamba wenzake hawakumwacha peke yake kwenye njia hii. William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, riwaya inayopeleka ugomvi wa waamini na wakanao Mungu mpaka ng'ambo ya kifo. Ni ndefu na ina hasira zaidi. Kezilahabi hana hasira kwenye vitabu vya mwisho, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kuna mahali alifika.

Jalada Kuukuu

Natafuta Mzingile zaidi ya mwaka sasa. Wale wanaopanga vitabu chini kule mjini wana Rosa Mistika za kumwaga, nakala zenye mihuri ya shule na majina ya watoto kwenye jalada la ndani. Nagona nimeipata moja imekatika mgongo. Mzingile hakuna. Mwenye kujua aniambie, hata ya kuazima, nitaisoma siku mbili nirudishe.

Na swali kwa mleta uzi: mtu ambaye hajamsoma kabisa aanzie wapi? Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza, ameacha kwenda kanisani, nyumbani mama analia kila Jumapili, hawazungumzi. Nataka nimpe kitabu na sitaki nimharibu.

Bint Gerezani

Usimpe Kichwamaji peke yake. Tafadhali sana. Mimi nilimpoteza rafiki wa chuo ambaye alikuwa kwenye hali hiyo, na sisemi kitabu kilimfanya chochote, ila mtu aliye pale chini anahitaji mtu wa kukaa naye kwanza. Kaa naye. Mpeleke mahali mle chipsi, mwache aseme asiyoweza kusema mbele ya mama. Kitabu kitafuata.

Ustadhi wa Tandika

Nakazia maneno ya dada. Na mama naye atafutiwe mtu wa kuzungumza naye, padre mwenye kusikiliza. Kulia kila wiki si jambo dogo.

Msomaji wa Kimara

Jalada Kuukuu, pole kwa hali ya nyumbani. Fanya kama walivyosema hawa wawili. Baada ya hapo, kama anapenda kusoma, mpe Rosa Mistika kwanza, kisha Kichwamaji na Nagona kwa pamoja, mkononi siku moja, umwambie moja isiishe bila nyingine kuanza. Soma nawe sambamba ili akiwa na swali awe na mtu wa kumuuliza nyumba hiyo hiyo.

Mzingile ninayo. Haijakatika, ina maandishi yangu ya penseli pembeni, utanisamehe. Nicheki inbox, Jumamosi nashuka Mwendokasi mpaka Gerezani saa nne asubuhi, nitakukabidhi hapo kituoni. Kaa nayo mpaka mdogo wako naye aimalize.

Mwalimu Mstaafu

Na baraza letu la Tabata tunaanza Mzingile ukurasa wa kwanza mwezi ujao, Jumapili ya kwanza, alasiri. Jalada Kuukuu, njoo na mdogo wako. Hatumwulizi mtu anasali wapi. Bint Gerezani, nawe nakuomba uje, ukurasa wa yule mwanamke wa mwisho nataka uusome wewe.

Bint Gerezani

Nitakuja, Mwalimu. Nikimaliza kuusoma nitaomba ruhusa ya kuivunja kanuni ya kutofafanua.

Mwalimu Mstaafu

Siku hiyo tutaivunja.